LORD KELVIN: MZEE ALIYEPIGANIA KIPIMO KIMOJA KIWE NA JINA MOJA DUNIA NZIMA

Najua wengi wenu mko kafe mnahesabu dakika, kwa hiyo sitazunguka sana. Leo siasa naiweka pembeni, na mpira pia. Nataka nimzungumzie mtu aliyefariki mwaka 1907, ambaye kila aliyesoma fizikia kidato cha tatu amewahi kuandika herufi ya jina lake kwenye daftari. Herufi yenyewe ni K kubwa, ile ya kelvini.

Mimi nimeishia kidato cha nne, chuo sijaenda, na haya nimeyasoma mwenyewe kidogo kidogo. Darasani tulikariri jedwali tu: volti, ampea, omu, kelvini, mtihani ukaja, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba majina yale yaligombaniwa, kwamba watu walisafiri nchi hadi nchi kuvutana mikutanoni, na kwamba hela nyingi zilizama baharini kabla hayajakubaliwa. Hiyo ndo stori ya leo.

MTOTO WA MWALIMU

Jina lake la kuzaliwa ni William Thomson. Alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 26 Juni 1824. Baba yake, James Thomson, alikuwa mwalimu wa hesabu. Mama yake alifariki mwaka 1830, William akiwa na miaka sita tu. Mwaka 1832 baba akapata kazi ya uprofesa wa hesabu Chuo Kikuu cha Glasgow, familia ikahamia Uskoti.

Sasa shikeni viti. Dogo huyu alianza kuhudhuria masomo ya chuo kikuu akiwa na miaka 10. Enzi zile Glasgow ilikuwa inapokea watoto wenye akili waliokuwa bado wa umri wa shule, lakini hata hivyo miaka 10 ni miaka 10. Akiwa na miaka 15 akakisoma kitabu cha Mfaransa Joseph Fourier kuhusu jinsi joto linavyosafiri, akakimaliza kwa muda wa wiki mbili hivi. Kitabu hicho hakikumtoka kichwani maisha yake yote, na mbele mtaona kilivyomsaidia.

Akaenda Cambridge mwaka 1841, akamaliza 1845 akiwa wa pili katika mtihani mkubwa wa hesabu. Akapita Paris kufanya kazi maabara kwa Victor Regnault, bingwa wa kupima joto kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1846, akiwa na miaka 22, akapewa uprofesa Glasgow. Akakaa kwenye kiti hicho miaka 53, mpaka 1899. Alipotakiwa kwenda kwingine alikataa.

JOTO LA NANI?

Ugomvi wake wa kwanza na vipimo ulikuwa wa joto. Chukua kipimajoto cha zebaki na kingine cha spiriti. Vyote viwekee alama kwenye barafu inayoyeyuka na kwenye maji yanayochemka, kisha katikati gawanya sehemu 100 sawasawa. Ukivitumbukiza pamoja kwenye maji ya uvuguvugu havitakubaliana kabisa, kwa sababu kila kimiminika kinatanuka kwa namna yake. Sasa nyuzi 50 ni nyuzi 50 za nani? Za zebaki au za spiriti?

Thomson akaona huu ni uswahili tu, kila mtu na joto lake. Mwaka 1848 akatoa pendekezo: tuwe na kipimo cha joto kisichotegemea kitu chochote kilichomo ndani ya kioo, bali sheria ya joto lenyewe jinsi linavyofanya kazi kwenye injini. Wazo hilo alilijenga juu ya kazi ya Mfaransa Sadi Carnot, aliyefariki mwaka 1832 bila watu kumjali. Baadaye akaliboresha kwa msaada wa James Joule wa Manchester, jamaa aliyetoka familia ya watengeneza bia, ambaye alionyesha kwamba joto na kazi ni mali moja inayobadilika sura. Kutokana na hapo tunajua kuna sehemu ya chini kabisa ambayo joto haliwezi kushuka zaidi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kipimo cha Thomson kinaanzia kuhesabu pale, ndo maana hakina namba za hasi.

MKONGO WA KWANZA WA ATLANTIKI

Wadau mnaojua habari za mikongo ya baharini, ule wa SEACOM uliotufikia mwaka 2009 na ile iliyofuata, jueni kwamba babu yao ni mkongo wa telegrafu uliolazwa kati ya Ireland na Newfoundland, kule Amerika ya Kaskazini. Thomson alikuwemo.

Mwaka 1855 alitumia hesabu zile zile za Fourier za joto kuonyesha kwamba alama ya umeme ndani ya waya mrefu wa baharini haifiki kwa mpigo. Inafika ikiwa imesambaa, na ucheleweshaji unakua kwa mraba wa urefu. Maana yake, ukiongeza urefu mara mbili, kuchelewa kunaongezeka mara nne. Kwa hiyo shaba iwe nene na iwe safi. Fundi mkuu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kitaaluma alikuwa daktari wa upasuaji, akabisha. Alisema hesabu hizo ni za darasani tu.

Mwaka 1857 Thomson akapima vipande vya shaba kutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Vyote viliitwa shaba, vyote viliuzwa kama shaba, lakini vilipitisha umeme kwa tofauti kubwa sana. Hapa ndipo penye kiini cha stori nzima. Utaandikaje mkataba na kiwanda kwamba unataka shaba ya kiwango fulani, wakati hakuna kipimo kinachokubalika cha kiwango hicho? Utasema nini, iwe nzuri?

Agosti 1858 mkongo ukakamilika. Malkia Victoria akamtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu zenye maneno 98. Zilichukua takriban saa 16 kufika! Watu wa New York wakafurahi mpaka fataki zikaunguza mnara wa jengo lao la halmashauri, City Hall. Lakini mkongo ulikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Whitehouse akadhani dawa ni kuusukuma zaidi, akautia umeme wa msukumo mkubwa, takriban volti 2,000. Ndani ya wiki chache mkongo ukafa. Mamia ya maelfu ya pauni chini ya bahari, kimya.

Ikaundwa tume ya uchunguzi, na ripoti ikatoka 1861. Mafundi walipoulizwa walipima nini, majibu yalikuwa vurugu. Uingereza fundi alihesabu ukinzani kwa maili za waya wa shaba wa namba fulani. Ujerumani walihesabu kwa maili zao za Kijerumani, ambazo ni ndefu zaidi, za waya wa chuma. Ufaransa, kwa kilomita za waya wa chuma wenye unene wa milimita 4. Na hata waya wenyewe haukuwa sawa kutoka kiwanda hadi kiwanda. Yaani data ipo, imeandikwa vizuri kwenye madaftari, lakini huwezi kuilinganisha. Data ya namna hiyo ni sawa na hakuna.

KAMATI YA MAJINA

Mwaka huo huo wa 1861 Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi ilikutana Manchester. Mainjinia wawili wa telegrafu, Latimer Clark na Charles Bright, wakapeleka pendekezo la kuvipa vipimo vya umeme majina yanayotokana na wanasayansi wakubwa. Thomson naye akashinikiza kamati iundwe. Ikaundwa. Ndani yake walikuja kukaa watu wazito: James Clerk Maxwell, Joule, Fleeming Jenkin na wengine.

Kulikuwa na njia rahisi. Mjerumani Werner Siemens mwaka 1860 alishapendekeza ukinzani upimwe kwa mrija wa zebaki: urefu mita moja, upana milimita moja ya mraba, kwenye joto la sifuri. Kila maabara inaweza kutengeneza. Kwa nini wasichukue tu?

Thomson alikataa, na sababu yake nadhani ndo akili yake yote ilipo. Ukichagua kipande cha waya au zebaki kiholela, umepata jina la kitu kimoja ambacho hakijuani na vingine. Yeye alitaka mfumo ambao vipimo vyote ni ndugu. Wajerumani Gauss na Weber walikuwa wameshaonyesha kwamba umeme na sumaku vinaweza kupimwa kwa urefu, uzani na muda tu. Ukifanya hivyo, volti moja ikisukuma umeme kwenye omu moja inatoa ampea moja kamili, na volti ukizidisha kwa ampea unapata wati bila namba ya ajabu ajabu katikati. Fundi wa mtaani anayepiga hesabu ya wati hizo kichwani anakula matunda ya msimamo huo.

Kazi haikuwa ndogo. Mwaka 1863 na 1864 Maxwell na wenzake walizungusha koili ya waya ndani ya uga wa sumaku ya dunia pale King's College London, kwa njia aliyoibuni Thomson, wakasoma ncha ya sumaku ilivyopinda. Mwaka 1865 wakaanza kutoa koili sanifu. Zilienda kwa kampuni za telegrafu na maabara za nchi mbalimbali. Baadaye ilikuja kugundulika kwamba kipimo chao kilipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Lakini sikilizeni: kosa hilo lilirekebishika kwa kuzidisha namba moja tu, kwa sababu wote walikuwa wanatumia jina moja kwa kitu kimoja.

FAIDA ILIONEKANA

Mwaka 1865 meli Great Eastern, kubwa kuliko zote enzi hizo, ikatoka na mkongo mpya. Ukakatika katikati ya bahari. Mwaka 1866 wakarudi, Thomson akiwa ndani ya meli, na tarehe 27 Julai wakafika Newfoundland salama. Kisha wakarudi baharini, wakaunasa ule uliokatika 1865 na kuumalizia. Safari hii shaba ilipimwa kabla, mkongo ulipimwa wakati unateremshwa, na mwishoni Thomson aliusoma kwa kifaa chake cha kioo kidogo kinachorusha mwanga, kinachohisi umeme mdogo kabisa. Hakuna cha volti 2,000.

Na ukinzani una kazi nyingine tamu. Tuseme mkongo wako una omu 4 kwa kila maili, ukipima kutoka pwani unapata omu 2,000 mpaka kwenye hitilafu. Gawanya. Hitilafu ipo maili 500. Meli inajua pa kwenda. Kama kila fundi ana omu yake, meli inazunguka tu baharini inachoma makaa. Mwaka 1879 mikongo ya aina hii ikafika kwetu, kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea Msumbiji mpaka Durban.

Mwaka huo wa 1866 Malkia akampa Thomson cheo cha Sir.

NENO NGUVU LILIVYOWASUMBUA WAZUNGU

Hapa wadau naomba utulivu. Sisi tunasema umeme hauna nguvu, injini ina nguvu, ngumi ina nguvu, dawa ina nguvu. Neno moja kwa mambo manne. Msidhani ni umaskini wa Kiswahili. Katikati ya karne ya 19 wazungu walikuwa kwenye kasheshe hiyo hiyo. Hermann von Helmholtz alipoandika mwaka 1847 kuhusu kanuni ya kuhifadhika kwa nishati, alitumia neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu, lile lile linalotumika kwa kani inayosukuma kitu. Wasomaji wakachanganyikiwa.

Thomson na rafiki yake Peter Guthrie Tait walikaa wakaandika kitabu kikubwa cha fizikia, kikatoka 1867. Kilisaidia sana kutenganisha: kani iwe kani, nishati iwe nishati. Jina la nishati ya mwendo ambalo wanafunzi wa Kiingereza wanalikariri mpaka leo lilienezwa na hao wawili. Jina la nishati tuli lilitoka kwa Mskoti mwenzao, William Rankine, mwaka 1853.

PARIS 1881

Kufikia mwaka 1881 umeme ulikuwa biashara ya dunia, na Paris ikaandaa mkutano wa kimataifa. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu Ufaransa na Ujerumani watoke vitani, kwa hiyo ukumbini hewa ilikuwa nzito. Waingereza walitaka omu ya kamati yao. Wajerumani walitaka zebaki ya Siemens. Na kulikuwa na mtego mwingine: Waingereza walitumia jina la weber kwa kipimo cha mkondo, Wajerumani nao walitumia jina hilo hilo kwa kipimo kidogo mara kumi! Hebu fikiria injinia wa London anasoma ripoti ya Berlin iliyoandikwa weber 5.

Thomson alikuwa mmoja wa vinara wa kutafuta suluhu, pamoja na Helmholtz. Makubaliano yalikuwa ya kiutu uzima. Omu ibaki kwenye mfumo wa kamati, lakini umbo lake la kushikika liwe mrija wa zebaki, kwa namna ya Siemens. Jina la weber likaachwa, mkondo ukapewa jina jipya, ampea. Mwisho wa siku orodha ikawa omu, volti, ampea, coulomb na farad. Angalieni watu wenyewe: Ohm Mjerumani, Volta Mtaliano, Ampère na Coulomb Wafaransa, Faraday Mwingereza. Wote walikuwa wameshafariki. Hakuna nchi iliyotoka bila kitu, na hakuna aliye hai aliyejisifia.

Miaka miwili baadaye Thomson akaleta utani. Kinyume cha ukinzani kilikuwa hakina jina, akapendekeza ohm isomwe kutoka nyuma: mho. Watu wakacheka, kisha wakaitumia kwa miaka mingi. Ilikuja kupewa rasmi jina la siemens mwaka 1971.

HAKUWA MALAIKA

Nisipoandika hili mtanichambua kwenye maoni. Mzee alikosea, tena pakubwa. Alipiga hesabu ya umri wa dunia kwa jinsi inavyopoa, na mwaka 1897 akashikilia miaka kati ya milioni 20 na milioni 40. Leo tunajua ni kama bilioni 4.5. Wanajiolojia walimpinga, na jina lake kubwa likawanyima raha kwa miongo kadhaa. Mashine nzito kuliko hewa kuruka pia hakuiamini, na alikuwa bado hai ndugu Wright waliporuka mwaka 1903. Kukubaliana jina la kipimo hakumzuii mtu kuingiza dhana mbovu kwenye hesabu. Ila kunawasaidia wengine wamkamate.

Mwaka 1892 akawa mwanasayansi wa kwanza wa Uingereza kuingizwa kwenye Baraza la Malordi kwa kazi yake ya sayansi. Akachagua jina la Kelvin, mto unaopita jirani na chuo chake Glasgow. Alioa mara mbili, hakuacha mtoto. Alifariki nyumbani kwake Largs, Uskoti, tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Isaac Newton.

Jina likabaki. Mwaka 1954 mkutano mkuu wa vipimo duniani ulikipa kipimo chake cha joto msingi mpya, na kuanzia 1967 kikaitwa kelvini tu, bila neno nyuzi mbele. Mwaka 2019 kikafungwa kwenye namba ya asili isiyobadilika, bila kutegemea maji wala zebaki. Mzee angefurahi, alichotaka 1848 ndo hicho.

SISI JE?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya zamani. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za metriki. Namba zilikuwepo, makubaliano hayakufuatwa. Wataalamu wa hali ya hewa na bahari leo wana orodha ndefu ya majina sanifu kwa ajili ya data zao, kila jina na kipimo chake, ili joto la uso wa bahari lisichanganywe na joto la kina cha mita kumi. Kwenye orodha hiyo joto linaandikwa kwa kelvini.

Na kwetu? Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, kani na nishati zipo kwenye kamusi, lakini nenda mtaani, nenda hata darasani, bado ni nguvu, nguvu, nguvu. Mtoto anajifunza sayansi ya shule ya msingi kwa maneno fulani, akifika sekondari Tanzania lugha inabadilika, anaanza upya. Mimi naamini Kiswahili kinaweza kubeba fizikia yote. Kinachotakiwa ni kile walichofanya Paris: wakae watu, wavutane, wakubaliane, kisha wote walitumie neno hilo hilo hata kama halikuwa lao.

Sasa nawaachia uwanja. Mtaani kwenu fundi umeme anasemaje akimaanisha ukinzani? Na nyie wa Kenya, Kongo na Burundi, nishati na kani mnaziita nani? Wekeni kwenye maoni, na mkibishana bishaneni kwa hoja. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.